Sokwe Aliyemuulizia Yaya Yangu

Vijana wa pikipiki pale mtaani Kasuku wananiita Mama Sokomutu, yaani Mama Sokwe. Sikasiriki tena. Zamani niliwarushia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Sasa napanda tu nyuma, napakata kikapu changu, nasema nipelekwe kivukoni taratibu. Na njiani lazima aulize. Wote huuliza jambo lilelile kuhusu sokwe, kwa Kiswahili chetu cha nyumbani, ambamo mnyama huitwa nyama na ndiyo huwa njo.

"Mama, njo kweli ile nyama inasemaka na mikono?"

"Njo kweli."

"Na inasemaka nini?"

"Inasema weye uangalie mbele."

Wanacheka, nafika, navuka mto, naingia kazini. Nimefanya kazi na sokwe huyo karibu maisha yangu yote ya utu uzima. Watu hungoja nihadithie maajabu, na nikikosa kuwapa maajabu huona nawanyima. Lakini kwangu halikuwa jambo la ajabu hata mwanzoni, kwa sababu nyumbani kwetu watu waliongea kwa mikono kabla mimi sijazaliwa.

Yaya yangu, dada yangu mkubwa, alizaliwa kiziwi. Shule ya viziwi hatukuijua. Mama alitunga maneno kwa mikono yake mwenyewe, moja baada ya jingine, kadiri shida zilivyokuja. Sombe, majani ya muhogo, ilikuwa ngumi inayotwanga kwenye kiganja. Chumvi ilikuwa kulamba kiganja. Baba alikuwa kidole kinachozunguka kichwa, kwa sababu ya kofia yake ya msikitini. "Ngoja" ilikuwa kiganja kinachobonyeza hewa chini, kama mtu anayemtuliza mbuzi. Yaya mwenyewe alikuwa kufinya ndewe ya sikio, maana ndewe yake ilichanwa na herini alipokuwa mchanga. Mimi nilikuwa ngumi mbili mashavuni, kwa kuwa nilizaliwa mnene. Mashavu yale yalikwisha zamani, jina likabaki.

Nje ya kiwanja chetu hakuna aliyeyaelewa maneno hayo. Jirani walidhani tunacheza. Baba alipofariki tulibaki watu watatu duniani tunaoijua lugha hiyo: Mama, yaya na mimi.

Kisha akaja Daktari. Ndivyo tulivyomwita, alikuwa mtafiti kutoka ng'ambo, mtu mpole, mwenye pua iliyobambuka kwa jua. Alikuwa amewapata sokwe wachanga wawili, jike na dume, kutoka misitu ya upande wa Obokote, ambako wawindaji walikuwa wamewaua mama zao. Alikuwa akiwalea kwenye bohari la pamba lililoachwa, ng'ambo ya mto, upande wa Alunguli, na alitaka kuona kama wataweza kufundishwa kuongea kwa ishara. Siku moja alitukuta sokoni, mimi na yaya, tukibishana juu ya mafungu ya sombe bila kutoa sauti. Alisimama akatuangalia mpaka muuza sombe akaona haya kwa niaba yetu. Kesho yake alikuwa kwetu, amekaa kwenye kiti cha Baba, anamwomba Mama ruhusa.

Alikuja na ishara za kwao zilizochorwa kwenye kitabu. Alipoona mikono ya yaya ilivyo myepesi, alikifunga kitabu chake mwenyewe. Alisema afadhali sokwe wajifunze kwa mtu ambaye hiyo ndiyo lugha yake hasa. Basi sokwe wale wawili wakajifunza maneno ambayo Mama aliyatunga jikoni kwake.

Sheria ya Daktari ilikuwa moja: ndani ya ua hakuna kuongea kwa mdomo. Hata yeye. Ukitaka kupiga kelele, toka nje ya lango. Mimi nilichoka nayo upesi, kwa sababu mdomo wangu haupendi kukaa bure. Yaya lakini alibadilika. Mjini alikuwa mtu wa kusukumwa, mtu wa kuchekwa na wauza duka. Mle ndani sisi wote tulikuwa viziwi na yeye ndiye aliyetuongoza. Asubuhi alifungua bohari, akanawa, akawapikia uji, akambeba jike mgongoni kwa kikwembe, kitenge chake, akazunguka naye akimwonyesha vitu: maji, jani, mvua, ndege. Sokwe akiigiza vibaya, yaya alimshika vidole akavipanga upya. Alimpiga kofi dogo akikataa, akampa ndizi akikubali. Nilimwona akicheka mle ndani kuliko nilivyomwona akicheka nyumbani.

Jike aliyashika maneno haraka. Aliyaunganisha pia: "Mashavu, chumvi", alinidai kila nilipoingia, na nisipompa alivuta kikwembe changu mpaka karibu kinivuke. Dume alikuwa mzito zaidi, mpenda kulala. Aliugua homa ya kifua wakati wa mvua, akafa.

Jike alimtafuta. Alikuwa akijikuna tumbo, ndiyo ishara ya dume, halafu anafungua viganja: yuko wapi? Daktari hakujua la kujibu. Yaya alijua. Bibi yetu alipokufa, Mama alikuwa amehangaika jinsi ya kumwambia mtoto asiyesikia kilio. Mwishoni alimwongoza hadi kitandani kwa Bibi na kuukunja mkeka wa Bibi mbele yake, polepole, mpaka mwisho. Tangu hapo kwetu kufa kulikuwa mikono miwili inayokunja mkeka kuelekea kifuani. Yaya alimchukua jike, akamwonyesha mwili wa mwenzake, akajikuna tumbo, akakunja mkeka. Sokwe alitazama mwili, akatazama mikono. Hakumuulizia tena.

Kisha vita vikaja, vikaondoka, vikarudi. Daktari aliitwa na watu wa kwao aondoke kwa ndege. Alilia pale uwanjani. Alisema atarudi mambo yakitulia. Hakurudi, na simlaumu, mambo hayakutulia.

Tulibaki na sokwe. Mama alisema tufungue lango aende zake porini, na labda alikuwa na haki, lakini porini palikuwa na watu wenye njaa na bunduki, na yeye angewaendea kuwaomba chumvi. Askari walikuja boharini. Mmoja aliinua silaha akasema hiyo njo nyama. Nilimwambia, "Njo ya komanda yenu, piga kama unataka." Sikumjua komanda yeyote. Aliishusha. Jike alikuwa akijilamba kiganja na kumnyoshea, anamdai chumvi, na yule kijana akacheka, akampa kipande cha muhogo. Hivyo ndivyo tulivyoishi.

Halafu mji ukazungukwa. Wapiganaji wa porini walikaa pande zote, askari walikaa ndani, na sisi tukawa katikati bila treni, bila mashamba. Mashamba yalikuwepo, yalionekana hata kwa macho, ila aliyekwenda huko alikwenda kwa bahati yake. Watu walikula mizizi na majani ambayo sikuwahi kuyajua majina. Sokwe alikonda mpaka nywele zikamtoka begani. Wanawake walianza kutoka kwa makundi alfajiri kuchuma sombe kwenye mashamba ya jirani na kurudi kabla jua halijakaza. Mimi na yaya tulipokezana, tukichuma ya nyumbani na ya sokwe.

Siku hiyo zamu ilikuwa yake. Aliniaga kwa kunigonga mashavu. Wanawake walirudi wakikimbia, bila vikapu. Walisema mtu alipiga kelele kutoka kwenye majani: simama! Wao walisikia, wakatawanyika. Risasi zikapigwa. Yaya alikuwa mbele, ameinama, anachuma.

Hakuna aliyemuona akianguka. Wote walisema hivyo, na Mama aliwashikia hapo hapo.

"Weye ulimuona?"

"Hapana, Mama, nilikuwa nakimbia."

"Na weye?"

"Hapana, Mama."

"Basi musiniletee kilio hapa. Sitalilia mutu sikumuona."

Hatukufanya matanga. Shehe alikuja akaeleza kwamba dini inaruhusu kumsalia mtu asiyeonekana. Mama alimpa chai, akamshukuru, akamsindikiza mlangoni. Aliweka nguo za yaya sandukuni, akazianika juani kila mara ili zisiliwe na mende. Na kuhusu sokwe alisema neno moja ambalo hakulirudia, wala hakulifuta: "Ile nyama njo ilikula mutoto yangu." Toka siku hiyo, kazi yangu haikutajwa nyumbani. Nilikuwa naondoka asubuhi kama mtu anayekwenda mahali pasipo na jina.

Nieleze jinsi nilivyokuwa, kwa sababu watu hupenda kuandika kwamba moyo ulipasuka. Wangu haukupasuka. Ulikufa ganzi, kama mguu uliokaliwa vibaya, na nikaendelea kuutembelea. Nilipika. Niliosha bohari. Nilikwenda mwenyewe kuchuma majani, bila woga wowote, na huo haukuwa ujasiri. Milio ya risasi niliisikia kama mvua ya jirani. Hata amani iliposemwa redioni na watu wakapiga vigelegele barabarani, niliuliza tu kama chumvi itashuka bei.

Tatizo langu lilikuwa sokwe. Kila asubuhi nilipofungua mlango alitazama nyuma ya bega langu, kisha akafinya ndewe na kufungua viganja. Yaya yuko wapi?

Nami nilibonyeza hewa. Ngoja.

Ningeweza kukunja mkeka. Nilijua angeelewa. Lakini mikono yangu ingekuwa imesema kitu ambacho Mama amekataza kusemwa, na ningekuwa wa kwanza kukisema, na kwa nani? Kwa sokwe. Basi nilisema ngoja. Kesho yake ngoja. Alikubali kwa muda mrefu, kisha akaanza kuuliza kwa nadra, akiona gauni la rangi fulani nje ya lango au akisikia ndoo. Ishara zake zilikuwa zimebaki kwangu mimi peke yangu, na zangu kwake. Nyumbani mimi na Mama hatukuongea tena kwa mikono, maana kila neno la mikono lilikuwa la yaya. Tuliongea kwa mdomo, juu ya mafuta ya taa na bei ya mchele.

Miaka ikaenda. Watu wapya walilichukua lile bohari, kikundi kidogo cha watunza wanyama, wakajenga ua mzuri wa waya na miti ndani yake. Walileta sokwe wengine, yatima wa vita na wa wachimba dhahabu wa upande wa Kama. Hao hawafundishwi ishara, wanaachwa wawe sokwe, na mimi naona ni sawa. Jike wetu amekuwa bibi kizee mwenye kidevu cheupe. Anakaa nao, lakini akiniona anakuja kwenye waya kunidai chumvi.

Mwaka huu, wakati wa kiangazi, walikuja wageni kutoka mjini, wauguzi, kutazama. Mmoja wao alikuwa mrefu, mwembamba, amefunga kitambaa kwa namna ya zamani, fundo likiwa kando. Kwa nyuma hata mimi nilishtuka kidogo, mimi ambaye sishtuki. Sokwe alishuka kutoka kwenye gogo lake. Alimtazama mwanamke yule mpaka akageuka, na uso ukawa wa mtu mwingine. Kisha akanigeukia mimi, akafinya ndewe.

Mkono wangu ulijibu wenyewe. Ngoja.

Hakuondoka. Alinitazama kama anavyomtazama mfanyakazi mpya anayemletea maji badala ya uji. Akafinya ndewe tena. Halafu akaleta mikono yote miwili mbele ya kifua na kukunja mkeka, polepole, mpaka mwisho.

Viganja havikufunguka kuuliza. Alikuwa ananiambia. Kisha akarudi kwenye gogo, akakaa akinipa mgongo. Sijui alianza kujua lini. Kwa miaka yote ile nilikuwa nikimwambia uongo, na inawezekana aliniachia tu, kama mtu mzima anavyomwachia mtoto.

Sikumwambia Mama siku hiyo wala wiki hiyo. Nilimwambia mchana mmoja, tukichambua mchele, kwa sababu sikuweza tena kukaa nalo. Nilitarajia atainuka aondoke. Mama ni mzee sana sasa, akiinuka huchukua muda, na muda huo wote nilijiandaa.

Hakuinuka. "Nani alimuambia?"

"Hakuna, Mama."

"Weye ulimuambia?"

"Mie nilikuwa nasema angoje."

Aliendelea kuchambua. Nilidhani amekwisha kulisahau. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida, akiutazama ungo, "Basi anakaa na kilio peke yake miaka hii yote. Na sisi tuko hapa."

"Ni nyama, Mama," nilisema. Sijui kwa nini niliyasema hayo. Labda niliona zamu yangu imefika.

"Najua ni nyama. Mufiwa haachwake peke yake. Kesho utanivusha."

Kwetu ndivyo ilivyo: mtu akifiwa, unachukua mkeka wako, unakwenda kukaa naye. Huhitaji kusema kitu. Mama amekaa na wafiwa wa Kasuku nzima, Waislamu na Wakristo, hata na watu aliokosana nao. Kesho yake alivaa kikwembe chake cha misiba, akachukua mkeka mdogo kwapani, akakataa nimbebee. Kwenye mtumbwi wa injini alikaa katikati, hakutazama maji. Vijana wa pikipiki upande wa pili walitaka kunitania, wakamwona Mama, wakanyamaza.

Wenzangu walitusogezea kando sokwe wengine. Mama alitandika mkeka wake chini, hatua chache kutoka kwenye waya, akakaa, akanyosha miguu. Hakusema neno kwa mdomo. Akafinya ndewe yake.

Sokwe alikuja mara moja. Hakuwahi kumwona Mama. Alikaa upande wake wa waya, akamwangalia usoni, kisha mikononi. Mikono ya Mama ina baridi yabisi, vidole vimepinda. Hata hivyo alifinya ndewe, akakunja mkeka, na ilikuwa ishara safi kuliko yangu, maana ni yeye aliyeitunga. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akiisema tangu yaya alipotoka na kikapu chake.

Sokwe alirudisha: ndewe, mkeka. Akarudia tena: ndewe.

Mama alinishika goti kwa nguvu. "Anatumia kushoto," alisema.

Nikatazama. Kweli. Sikio la kushoto, mkono wa kushoto. Mkeka nao ulianzwa na wa kushoto, wa kulia ukifuata. Mimi natumia wa kulia, Mama pia. Nilikuwa nimemwona akinidai chumvi kwa mkono ule kila siku ya Mungu, na sikuwahi kujiuliza aliutoa wapi.

"Yaya yako alizaliwa na kushoto," Mama alisema. "Weye ulikuwa hauyazaliwa. Niliupiga na mwiko ule mukono. Niliufunga na kitambaa wakati wa kula. Nilisema, nani ataoa kiziwi mwenye kupakua chakula na kushoto? Akaacha. Mbele yangu akatumia kuume mpaka siku alipotoka." Aliutazama mkono wa sokwe. "Kumbe hapa aliutumia."

Hapa hakuna aliyempiga. Nilimwona mle ndani kila siku, anaongea na sokwe kwa mkono wake mwenyewe, na nikirudi naye jioni, akivuka kizingiti cha Mama, anabadilisha. Nilikuwa nimeliona hilo bila kuliona.

Mama akaanza kulia. Hakulia kama wazee wanavyolia, kwa pua na leso. Alitoa sauti ile ya matanga, ndefu, ambayo aliizuia tangu wanawake waliporudi bila vikapu, na wafanyakazi wakatoka majikoni kuangalia. Sokwe hakurudi nyuma. Alibandika kiganja chake cha kushoto kwenye waya.

Nawafundisha wapya jambo moja kabla ya yote: usipitishe mkono. Hata huyu kizee, hata siku anayokupenda, anaweza kukuvunja kidole bila kukusudia. Nilipaswa kumzuia. Mama alijivuta juu ya mkeka mpaka akaufikia waya. Katika maisha yake yote hajampa mtu kitu kwa mkono wa kushoto, wala kumsalimia mtu, wala kupokea hata kikombe cha maji. Akautoa wa kushoto kutoka kwenye kikwembe, akaupitisha.

Sokwe aliushika, akaugeuza, akaanza kuutafuta-tafuta kati ya vidole, taratibu, kama anavyomsafisha mwenzake. Nami nilivua viatu, nikakaa kwenye mkeka pamoja na wafiwa.